Ngozi Juu ya Ngozi: Vazi la Vita la Ngozi katika Riwaya za Tolkien na Suala la Istilahi ya Kiswahili

Ikisiri

Wasomaji wengi wa riwaya za fantasia hulihesabu vazi la vita la ngozi kuwa daraja la chini la vazi la chuma, yaani kinga hafifu ya mpiganaji aliyekosa iliyo bora. Makala haya yanaupinga usomaji huo kwa kuchunguza The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955), kazi za J.R.R. Tolkien. Yanadai kwamba katika kazi hizo ngozi haipimi kiasi cha kinga, bali huonyesha mahali ambapo mwili umebaki wazi mbele ya hatari. Yanaonyesha pia kwamba neno la Kiswahili ngozi linaufaa usomaji huu, na kwamba istilahi "deraya ya ngozi" inauficha.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, uliyapanga mavazi ya vita katika ngazi tatu: ngozi, deraya ya pete na mabamba ya chuma. Kila ngazi ilipewa namba. Asiye na vazi wala ngao alikuwa na 9, mwenye ngozi 7, mwenye deraya 5, na mwenye mabamba 3. Kadiri namba ilivyoshuka, ndivyo ilivyokuwa vigumu kumpata mhusika kwa silaha. Mwaka 1975 kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kikamleta mhusika mwizi, ambaye hakuruhusiwa kuvaa vazi zito kuliko ngozi. Ngozi ikawa alama ya mtu mwepesi, mjanja na mnyemeleaji, na michezo mingi ya kompyuta ikaurithi mpangilio huo.

Mpangilio wenyewe una mantiki yake, kwa kuwa mchezo hauwezi kuendeshwa bila kipimo. Tatizo huanza pale kipimo hicho kinapogeuzwa kuwa kanuni ya kusomea riwaya iliyoutangulia mchezo kwa takribani miaka ishirini. Msomaji aliyelelewa na namba hizo huliona vazi la ngozi katika riwaya ya Tolkien, hulipa thamani yake ya 7, kisha huendelea na safari. Hoja ya makala haya ni kwamba anapofanya hivyo anapita juu ya jambo ambalo riwaya imelijenga kwa uangalifu.

2.0 Neno ngozi na mwili wa hobiti

Kiingereza kina neno moja kwa ngozi ya mtu aliye hai na jingine kwa ngozi ya mnyama iliyokwisha kutengenezwa. Kiswahili kina moja kwa yote mawili. Ngozi hufunika mwili, huwambwa kwenye ngoma na hushonwa viatu. Nayo methali inayohimiza ngozi ivutwe ingali na maji huhamisha kazi ya fundi wa ngozi hadi kwenye malezi ya mtoto bila kubadili neno. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, kuvaa ngozi ni kuongeza ngozi juu ya ngozi.

Tolkien hakuandika kwa Kiswahili, lakini miili aliyoiumba inaujua ukaribu huo. Katika dibaji ya The Lord of the Rings, hobiti wanaelezwa kuwa na nyayo ngumu mfano wa ngozi iliyotengenezwa, na kwa sababu hiyo huvaa viatu kwa nadra. Kabla ya vita yoyote kutajwa, msomaji anajulishwa kwamba kwa viumbe hawa mpaka kati ya mwili na vazi si mkali, na kwamba kinga waliyozaliwa nayo iko chini, miguuni, mahali pa kutembelea. Kifuani hawana kitu. Linganisho na Fumo Liyongo linafaa hapa. Katika masimulizi ya shujaa huyo mwili wenyewe ndio deraya: silaha hazimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwili wa Liyongo una tundu moja, na siri ya tundu hilo ndiyo kiini cha kisa. Hobiti yuko kinyume chake, kwa maana ni wazi kote ila nyayoni.

3.0 Shati lililo chini ya mithrili

Frodo hupokea kutoka kwa Bilbo deraya ya mithrili ambayo Bilbo alipewa na Thorin katika The Hobbit. Wakiwa Moria, Gandalf anaeleza kwamba thamani yake inazidi nchi nzima ya hobiti na kila kilichomo. Baadaye mkuki wa jemadari wa maorki unampata Frodo ubavuni, na wenzake wanadhani amekufa. Wanapomvua nguo baada ya kutoka Moria, wanakuta chini ya deraya shati la ngozi laini. Mahali pamoja pete za deraya zimeipenya ngozi hiyo na kuingia katika nyama.

Kwa hesabu ya mchezo, shati hilo si kitu, kwa sababu avaaye deraya bora hapati chochote kwa kuongeza ngozi chini yake. Katika riwaya, hilo ndilo linalobeba ushahidi. Deraya imeuzuia mkuki usipite, lakini haikuzuia nguvu yake. Pete zilezile zilizomwokoa Frodo ndizo zilizomjeruhi. Jambo hilo ni kweli pia katika historia ya vita, ambamo deraya ya pete ilihitaji vazi nene chini yake ili kupunguza kishindo. Hata hivyo, mwandishi angeweza kumwacha Frodo atoke salama bila maelezo zaidi. Ameliweka shati pale ili liwe na alama ya pigo, na alama hiyo inapita katika ngozi mbili: ya shati, kisha ya Frodo. Kiswahili kinaweza kulisema hilo kwa neno moja likirudiwa. Kiingereza hakina njia hiyo.

4.0 Kizibao cha Merry

Vazi la pili ni la Merry. Katika nchi ya Rohan, Éowyn anampa chapeo, ngao, kizibao kigumu cha ngozi, mkanda na kisu. Anaitaja pia sababu: hakuna deraya ya kimo chake, wala hakuna muda wa kufua nyingine. Ngozi hapa haikuchaguliwa na mnyemeleaji anayetaka wepesi. Imetolewa kwa mtu ambaye dunia ya wapiganaji haikumfikiria ilipokuwa ikifua vyuma vyake, na anayempa ni mwanamke ambaye naye hakuhesabiwa miongoni mwa watakaokwenda vitani.

Wawili hao ndio wanaomwangusha Mfalme wa Wachawi katika uwanja wa Pelennor. Merry anamchoma kwa nyuma, upanga ukipita chini ya deraya hadi kwenye mshipa wa goti. Aliyevaa ngozi ndiye anayepaona mahali chuma kinapoishia. Ushindi huo hauna bei ndogo, kwa kuwa upanga unateketea na mkono wa Merry unakufa ganzi kwa baridi ambayo vazi lolote lisingeizuia. Riwaya haisemi kwamba kizibao kilitosha. Inasema kwamba aliyekwenda na kizibao alikwenda akijua hakitoshi.

5.0 Ngozi ya adui

Vazi la tatu ni gumu zaidi kulifasiri. Katika mnara wa Cirith Ungol, maorki wanamvua Frodo kila kitu, kisha wanauana, na deraya ya mithrili ikiwa miongoni mwa sababu. Sam anamkuta uchi. Kilichosalia cha kumvika ni mavazi ya maorki: suruali ya ngozi ya mnyama yenye manyoya, kanzu fupi ya ngozi chafu, na deraya nzito juu yake. Wakati huohuo mithrili inafika Lango Jeusi mikononi mwa mjumbe wa Sauron, ambaye anaitumia kuwavunja moyo rafiki zake Frodo. Kitu cha thamani huibwa, hugombewa na kugeuzwa silaha ya maneno. Ngozi chafu haigombewi na yeyote.

Katika Mordor Frodo anaivua deraya hiyo kwa sababu ya uzito, na karibu na mwisho wa safari anatupa ngao, mkanda na joho jeusi, akisema hatakuwa orki tena. Msomaji angetarajia matambara yaliyosalia yachomwe moto baada ya ushindi. Badala yake, pale Cormallen Gandalf anaagiza yahifadhiwe, na kuyapa heshima ipitayo ya hariri, kitani na mavazi ya vita. Ngozi iliyokuwa ya adui imekuwa kumbukumbu ya mwili uliopita ndani yake.

6.0 Suala la istilahi

Mtu anaweza kupinga kwamba ngozi hutajwa mara nyingi katika riwaya hii bila maana yoyote ya ziada. Ni kweli, mikanda na viriba havihitaji ufafanuzi. Hoja inahusu mavazi matatu tu yanayovaliwa mwilini na hobiti walio hatarini, na nguvu yake inatokana na mfululizo wao.

Mfasiri, pamoja na mwandishi wa fantasia ya Kiswahili, anakabiliwa hapa na uchaguzi. Deraya na dirii ni maneno yaliyokomaa. Dirii inajulikana sana kutokana na Waefeso 6:14 katika Biblia ya Union Version. Kusema "deraya ya ngozi" ni kuiingiza ngozi katika ngazi ya vyuma, ikawa deraya iliyopungukiwa. Shati la ngozi, kizibao cha ngozi na kanzu ya ngozi ni maneno ya nguo za kila siku, na ndiyo yanayofaa, kwa sababu huliacha vazi libaki nguo na mvaaji abaki mtu. Hata chapeo ya Bilbo katika The Hobbit, ya ngozi iliyonakshiwa na kuimarishwa kwa vyuma ndani, humfanya ahisi kwamba anachekesha. Anajiona mtu wa kawaida aliyevikwa vita.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ngozi katika riwaya za Tolkien huandamana na wahusika ambao hawakukusudiwa kupigana, na kwamba kazi yake ni kuudhihirisha mwili kuliko kuukinga. Namba za michezo haziwezi kulipokea jambo hilo. Kiswahili kinaweza, mradi waandishi na wafasiri wasiliache neno ngozi kwa kufuata mpangilio ulioundwa kwa ajili ya kurusha dadu. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu mavazi ya vita katika tenzi za Kiswahili, ambamo deraya na ngao zina historia yao wenyewe ya kulinganishwa na mwili.