Vielelezo vya Sweta na Baridi ya Nakuru

Wako watu wadhanio kwamba uhakiki ni wa tenzi na riwaya pekee. Lakini kielelezo cha kufumia sweta nacho ni maandishi: kina mwandishi, kina msomaji, na kina ahadi. Humwahidi mtu mwenye sindano mbili na uzi kwamba, akiyafuata maneno yake mstari kwa mstari, atapata vazi la kumkaa vema. Twaweza kukihukumu kwa ahadi hiyo. Kisha twaweza kuuliza vazi hilo litamfaa nani, wapi, na saa ngapi.

Mikusanyo ninayoikusudia ni ile ya majira, mathalani ya kampuni ya Rowan, iliyoanzishwa Holmfirth katika Yorkshire, Uingereza, mwaka wa 1978. Gazeti lake la vielelezo limezoea kutoka mara mbili kwa mwaka, toleo moja la majira ya joto na jingine la majira ya baridi. Nitashughulika na hili la pili, maana ndilo litamaniwalo na wafumaji wa nyanda zetu za juu.

Kwanza nitaje sifa, kwa kuwa ni kubwa. Lugha ya vielelezo hivi ni sahihi kama hesabu. Kila kimoja hutaja aina ya uzi, unene wa sindano, na idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Msomaji kijana asiipuuze namba hiyo ya mwisho. Tuseme kielelezo chataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na mzunguko wa kifua uwe sentimita 100. Basi vitanzi vyote ni 220. Ikiwa mkono wa mfumaji ni mlegevu, akapata vitanzi 20 tu katika sentimita 10, vitanzi vile vile 220 vitampa sweta ya sentimita 110, na mvaaji ataogelea ndani yake. Ndiyo sababu huamriwa kifumwe kwanza kipande kidogo cha majaribio. Laiti waandishi wa vitabu vya mapishi wangekuwa waangalifu kiasi hicho!

Picha nazo zapendeza, ila mimi siziamini sana. Mara nyingi katika vitabu vya aina hii mvaaji amekunja mikono, au nywele zimemfunika bega, au ameegemea ukuta wa mawe, hata jicho likashibishwa ukungu na kunyimwa mshono wa bega. Ukungu tunao wa kutosha Molo. Mchoro mdogo wenye vipimo, uwekwao mwisho wa maelezo, wamfaa mfumaji kuliko picha kumi.

Upungufu mkubwa uko katika neno lenyewe, majira. Vuli, neno ambalo wafasiri hulitumia kwa majira ya Ulaya ya kupukutika majani, kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Baridi yetu kali ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, na toleo la baridi hutufikia kipupwe kikiaga. Hilo si neno. Sweta haiozi sandukuni. Lililo zito ni kwamba Ulaya baridi huugawa mwaka, na huku kwetu huigawa siku, tena huigawa nchi kwa kimo chake. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya bahari. Molo yafika kama mita 2,500. Na reli iendayo Eldoret hupanda pale Timboroa hadi karibu mita 2,800. Upande wa kaskazini, Marigat iko chini, mita 1,000 na kidogo, na huko sweta ni adhabu. Mtu aondokaye Molo alfajiri huiona pumzi yake mwenyewe. Saa saba mchana yuko mjini Nakuru atafuta kivuli.

Sasa mvike mtu huyo sweta nene ya kuvalia kichwani, yenye kola ndefu na mapambo ya misokoto, uzito wake zaidi ya nusu kilo. Imebuniwa kwa mtu atakayeshinda baridini kutwa. Mtu wetu itampasa achague kati ya kutoka jasho na kubeba mzigo. Ningefurahi kuona sweta nyembamba ya vifungo ikipewa heshima ya jalada.

Habari ya uzi ni chungu kidogo. Vielelezo hutaka sufu. Molo yasifika kwa nyama ya kondoo, na kondoo wa sufu kama Corriedale hufugwa katika nyanda hizi. Lakini mabunda mengi ya madukani ni ya akriliki. Sufu yaweza kunywa unyevu kadiri ya thuluthi ya uzito wake bila kumtia mvaaji baridi; akriliki hainywi, ila hukauka upesi na bei yake ni nafuu. Kitabu kisemacho sufu tu kimemwacha mfumaji wa kawaida njiani. Kinyume chake ni Kenana Knitters wa Njoro, walioanza mwaka wa 1998: wanawake wa pale hufuma kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea, na kila mmoja hutia jina lake katika kazi yake.

Tena kuna jambo la kukua. Itazame sweta yako ya shule: huchakaa kwanza kiwikoni na katika pindo la mkono, na kabla haijachakaa mkono wenyewe umekuwa mfupi. Vielelezo vingi huanza mkono kwenye kifundo na kupanda begani. Ukiufuma hivyo, huwezi kuufumua kwa urahisi kutoka chini ili uurefushe. Uanzie begani ukishukia kifundoni, nao utafumuka pindoni na kuongezwa kila mwaka. Kwa mama anunuaye uzi mara moja, tofauti hiyo ni sweta nzima. Mkusanyo usioligusa jambo hili wawafaa watu wazima, ambao hawakui.

Vitu vidogo, yaani kofia, skafu na glavu, ndivyo nivisifuvyo bila kusita. Hufumwa kwa mabaki ya uzi, na jua likitoka huingia mfukoni. Glavu zisizo na ncha za vidole zamfaa sana achumaye pareto asubuhi kule Molo, kwa kuwa ua la pareto halichumwi kwa kidole kilichofunikwa. Hizo zifumwe kama zilivyoandikwa, pasipo kubadili hata kitanzi kimoja.