Macho Manne Kibandani: Jumba la Sanaa kama Msimulizi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni nani anayesimulia? Swali hili tumelielekeza kwenye riwaya, ngano na tenzi, lakini ni nadra sana kulielekeza kwenye sanaa za kuonwa. Makala haya yananuia kufanya hivyo. Tutaliangalia jumba la sanaa linapowapeleka wasanii wake kwenye maonyesho ya biashara ya sanaa ya kisasa. Hoja yetu ni kwamba jumba hilo si mchuuzi tu, bali pia ni msimulizi. Ndilo linaloteua, linalopanga, linalotaja na linalonyamaza. Mfano wetu ni Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, kwa kuwa kazi yake inadhihirisha kile ambacho usimulizi huo hukifichua na kile unachokifunika.

Kibanda na kanuni zake

Maonyesho ya 1-54 yalianzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui; jina lake lahesabu bara moja na nchi 54. Baadaye yalifika New York (2015) na Marrakech (2018). Muundo wake hautofautiani sana na ule wa maonyesho mengine ya aina hii. Kila jumba hukodi kibanda, hutundika kazi za wasanii wachache, na kwa siku chache wahudumu wake husimama hapo wakiwaeleza wapitao. Kazi ikinunuliwa, jumba huchukua sehemu ya bei, aghalabu nusu. Muda ni mfupi, gharama ni kubwa, na mpitaji ana vibanda vingine vingi vya kuzuru. Kwa hivyo maelezo sharti yawe mafupi na yenye mnato. Hapo ndipo wasifu wa msanii unapogeuka kuwa mtaji.

Hata hivyo, si haki kumtwika mwenye jumba lawama zote. Tukumbuke yaliyotokea Venice. Mwaka 2013 banda lililoitwa la Kenya lilijaa kazi za wasanii wa kigeni, wengi wao Wachina. Mambo yalipoelekea kuwa yale yale mwaka 2015, wasanii wa Kenya walipinga hadi serikali ikajitenga na banda hilo. Pale ambapo dola ilishindwa kuwasimamia wasanii wake, majumba ya watu binafsi ndiyo yaliyobeba mzigo. Tunayoyasema hapa, basi, si mashtaka, ni usomaji.

Wasifu na kazi

Kazi za Kabiru zilipelekwa ng'ambo na jumba la SMAC la Afrika Kusini, ambalo pia lilimwandalia maonyesho yake mjini Cape Town mwaka 2015. Kila zinapokwenda, kisa chake huzitangulia. Amesimulia mwenyewe kwamba utotoni alitamani miwani, baba yake akamkatalia na kumwambia kwamba akiitaka ajitengenezee. Alikulia karibu na jaa la Dandora, hakusomea sanaa chuoni, na miwani anazoziunda kwa nyaya, vijiko, vizibo vya chupa na vyuma vikuukuu aliziita C-Stunners. Ni kisa kizuri. Tatizo ni kwamba kikishasimuliwa, mtazamaji hujiona hana la kuuliza tena. Takataka zimegeuka pambo, dhiki imegeuka ushindi. Ngano imekamilika na shujaa amefuzu.

Jambo hili si geni kwetu. Gallery Watatu, iliyoanzishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, iliendeshwa na Ruth Schaffner tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 1996. Iliwakuza wasanii wengi waliojifunza wenyewe, Sane Wadu akiwa miongoni mwao. Jina Sane, ambalo kwa Kiingereza ni mwenye akili timamu, alijipa kuwajibu waliomwita mwendawazimu alipoacha ualimu ili achore. Kisa cha jina hilo tumekisikia mara nyingi. Ni mara ngapi tumesoma uchambuzi wa jinsi msanii huyu anavyotumia rangi?

Turudi kwa Kabiru na tuitazame kazi yenyewe. Picha zinazomwonyesha amevaa miwani hizo hubeba jina la jumla Macho Nne. Mwalimu wa sarufi atasahihisha upesi: macho manne. Lakini hapa hapana kosa. Hiki ni Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, ambacho hakisubiri upatanisho wa kisarufi, na ni utani wanaotaniwa wavaa miwani. Kwa kudondosha silabi moja, jina limebeba mtaa, rika na kejeli. Mtazamaji wa London akitafsiriwa jina hilo ataipata maana ya maneno, lakini silabi isiyokuwepo hawezi kuisikia.

La pili ni umbo. Miwani ya kawaida humsaidia mvaaji kuona. Nyingi kati ya hizi humzuia, kwa maana nyaya na vyuma vimepita pale palipostahili kuwa na kioo. Mtazamaji anaalikwa autazame uso, kisha ananyimwa macho. Hiki ni kinaya cha hali ya juu: anayetazamwa na wote ndiye asiyefahamika. Tukiisoma hivyo, kazi hii inakizungumzia kibanda chenyewe. Msanii anayeletwa mbele ya wanunuzi ili atazamwe ameweka kizuizi baina yake na wao. Kisa cha baba na miwani hakiwezi kutupa maana hii. Kinatueleza msanii alianzia wapi, wala hakitwambii amefika wapi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba jumba la sanaa husimulia, na kwamba masharti ya soko hulifanya lisimulie wasifu badala ya kazi. Lakini mhudumu wa kibanda hujaza pengo ambalo sisi tumeliacha wazi. Idara zetu zimefundisha fani na maudhui kwa miaka mingi, huku maonyesho ya sanaa yakifunguliwa na kufungwa mjini bila mhakiki wa Kiswahili kuandika hata ukurasa mmoja. Tukiendelea hivi, mtafiti wa kesho atakuta orodha za bei na visa vya utotoni tu, naye atadhani hiyo ndiyo historia ya sanaa yetu. Yafaa wanafunzi wa uzamili wapewe kazi ya kuhakiki maonyesho kama wanavyopewa ya kuhakiki diwani, tena kwa Kiswahili. Jina kama Macho Nne linamsubiri msomaji anayeisikia silabi iliyodondoshwa, na msomaji huyo yumo katika madarasa yetu.