Maji ya Mchangani

Mwezi wa Agosti mto Tiva hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu unaounguza nyayo jua likipanda, na mgeni akisimama ukingoni ataapa kwamba Kitui imesahauliwa na Mungu. Susu yangu, ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo bibi, alikuwa akiushukia mchanga huo saa kumi na moja alfajiri, mitungi miwili na kata ya kibuyu mkononi, mimi nyuma yake na jembe. Hakuchimba popote tu. Alipatafuta mahali mto unapopinda, karibu na mkuyu, ambapo alijua kuna mwamba chini. Alianza kwa kupanua, kwa sababu shimo jembamba hujifukia lenyewe kabla halijafika kiunoni. Maji ya kwanza yalikuwa tope, akayamwaga. Ya pili akayamwaga pia. Kisha akaketi kungoja mchanga utoe maji yake pole pole, na katika kungoja huko ndiko nilikojifunza kusali.

Nasema kujifunza, na neno hilo nimelichagua. Kusali ni ufundi. Una mikono yake, una saa zake, una mwalimu na mwanafunzi. Mimi mwanzoni sikujua hivyo. Nikiwa na miaka 16 niliinua mkono katika mkutano wa injili kwenye uwanja mmoja mjini Wote, nikalia, nikaombewa, jina langu likaandikwa daftarini. Siyakani machozi yale, yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna aliyeniambia kesho yake nikiamka nifanye nini. Wiki ya tatu nilikuwa nimekauka kabisa, nikaona haya, nikadhani Mungu amenipima akaniona sifai. Kumbe nilikuwa nimechota kata moja tu, nikakuta tope, nikaondoka kisimani.

Likizo ilipofika nikaenda kwa susu. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, akanipa kazi ya kumsomea pale shimoni. Kitabu kilikuwa Mbivilia, Biblia ya Kikamba, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa katani. Alitaka Injili ya Marko, nusu sura kila alfajiri. Nikiruka mstari alinirudisha, maana aliijua kwa ghibu. Tukimaliza alinyamaza kitambo, halafu akaanza kutaja majina: wanawe, mgonjwa wa nyumba ya pili, na jirani aliyesogeza mpaka wa shamba lake. Huyo jirani hakumruka hata siku moja. Alimwita Mungu Mumbi, jina lenye mzizi mmoja na Muumba, jina la afinyangaye. Hakupaza sauti. Alisema naye kama mtu anavyosema na mwenye nyumba aliye chumba cha pili, akijua anasikika.

Sikuona maono yoyote mwezi ule. Ila asubuhi moja, zamu yangu ya kutaja majina ilipofika, nilijisikia nikilitaja jina la mwalimu niliyekuwa nikimchukia. Hakuna aliyeniagiza. Nilishtuka mimi mwenyewe. Susu aliitikia amina, akainama kuchota, na safari hii maji yalikuwa meupe.

Tangu hapo sijaweza kuitenga imani ya kwetu na mashimo ya mchangani, na historia imenikubalia. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapwa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani akiwa na njaa na kiu. Ameandika mwenyewe jinsi alivyosikia kelele za nyani katika korongo kavu, akaifuata sauti, akakuta shimo ambalo wanyama hao wamelichimba mchangani. Lilikuwa na maji. Akamshukuru Mungu, akanywa, kisha akajaza pembe lake la baruti, mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki.

Kisa hiki nakipenda kuliko hotuba zote zilizopata kutolewa juu ya wamisionari. Mtu aliyekuja kutuletea neno la uzima aliokolewa na maji yaliyokuwa tayari chini ya ardhi yetu. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alitumia maisha yake kulieleza jambo la namna hiyo kwa lugha ya wasomi: kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, bali Mungu ndiye aliyewaleta wao, na kwamba jina la Yesu lilifika mahali ambapo Mungu alikuwa akijulikana na kuombwa. Mbiti alifundisha Makerere, akawa mchungaji Uswisi, akaandika vitabu vinavyosomwa dunia nzima. Uzeeni akarudi kwenye lugha ya mama yake, akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Lilitoka mwaka 2014, naye ana zaidi ya miaka 80. Alifariki mwaka 2019. Msomi wa kiwango chake kuketi na kitenzi kimoja cha Kigiriki hadi kipate mwenzake wa Kikamba, hiyo kwangu ni sala iliyokomaa.

Wengine hawakuyaona maji. Mmisionari Peter Cameron Scott alifungua kituo Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na Desemba ya mwaka uliofuata homa ikamuua, hajatimiza miaka 30. Kanisa la AIC (Africa Inland Church) lililoenea Ukambani kote linaanzia kwenye shimo lile alilolianza.

Nenda leo kwenye vijito vya Kitui na Makueni utazame mabwawa ya mchanga. Kikundi cha mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi, hujenga ukuta kukata mto. Mvua ikija, mafuriko huacha mchanga mzito nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu likaenda zake. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa, na ndani yake, mbali na jua, hadi asilimia 40 ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Niliwahi kusumbuka na mfano wa Yesu juu ya nyumba iliyojengwa mchangani, kwa kuwa kwetu mchanga ndio uhai. Fundi mmoja wa mabwawa akanitoa tongotongo: ukuta usipokaa juu ya mwamba, maji yote hupenya chini yake, na mchanga hubaki mkavu hata ukijaa. Ndipo nikaelewa kwa nini susu aliutafuta mwamba kabla hajashika jembe, na kwa nini hakukosa ibada ya Jumapili, hata miguu ilipomgomea akawa anabebwa na pikipiki. Ukuta ule haujengwi na mtu mmoja.

Ninasikitika kuona tunawahesabu sana wanaoinua mikono na kuwasahau wanaohitaji kukaa nao shimoni. Kijana aliyeokoka Jumamosi anahitaji mzee wa Jumatatu, mwenye Biblia iliyochakaa na muda wa kungoja.

Susu alizikwa juu ya kilima kinachoutazama mto. Mbivilia yake ninayo mimi, na jalada nimelishona tena.

Nawe, msomaji, ikiwa uliinua mkono zamani na sasa umekauka, usiende kutafuta uwanja mwingine. Marko ina sura 16. Nusu sura kila alfajiri, kabla ya kuigusa simu, ni asubuhi 32. Taja majina, na la yule unayemchukia usiliruke.