Darasa la nne, mwaka wa kuvuka

Darasa moja la Muhokya, magharibi mwa Uganda, kabla hujafika Kikorongo pa kukata kwenda Bwera, linaweza kuwa na mtoto wa Kikonzo, wa Kisongora na wa Kitoro. Wote watafanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiingereza. Mtaala ulioanza mwaka 2007 huwafikisha huko kwa hatua: darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo; la nne ni la kuvuka; kuanzia la tano, masomo ni kwa Kiingereza.

Hatua ya kwanza imepangwa kwa ustadi. Mwaka una mada 12, na somo la Kiingereza hufuata mada ileile. Ikiwa ni usafiri, mtoto amekwisha kuhesabu magurudumu na kuzungumzia malori ya mpakani Mpondwe kwa lugha anayoijua. Neno la Kiingereza linapokuja, maana imeshamkaa kichwani.

Kuchagua lugha ya eneo ndiko kugumu. Chini ya ufalme wa Toro watoto wa Kikonzo walisomeshwa kwa Kitoro, na kero hiyo ni miongoni mwa zilizochochea uasi wa Rwenzururu dhidi ya ufalme huo mwaka 1962. Kikonzo darasani ni haki iliyopiganiwa. Lakini mtoto wa Kisongora anayeanzia katika darasa la Kikonzo huvuka mara mbili: siku ya kwanza ya shule, kisha tena darasa la nne.

Na la nne ndilo linaloumiza. Miaka mitatu ya Kiingereza kama somo humwezesha mtoto kutaja maji, jua na wingu. Haimwezeshi kueleza kwa nini maji hugeuka mvuke. Anadaiwa wazo jipya na lugha mpya kwa pamoja, basi anakariri. Mimi ningeanza kuvusha hesabu, yenye maneno machache yanayojirudia, na kuacha maelezo ya sayansi katika lugha ya eneo mwaka mzima.

Kisha kuna lugha nyingine ya kuvukia: Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima. Kwa mtoto wa Kikonzo njia ni fupi mno. Mwalimu akiandika ubaoni omwana, abana, ekitabu, ebitabu, kisha akafuta irabu ya mwanzo, mtoto mwenyewe atakaribia mwana, wana, kitabu, vitabu. Ngeli anazo tangu nyumbani. Kumfundisha umoja na wingi kwa maelezo ya Kiingereza ni kumzungusha bure. Ng'ambo ya mpaka, Kasindi, Kiswahili kinasemwa sokoni. Mazoezi ya kuuliza bei na kupatana yangetosha muhula wa kwanza, kabla ya daftari.

Kikwazo ni mtihani wa darasa la saba. Una karatasi nne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kipindi cha Kiswahili kisicho na karatasi ndicho cha kwanza kutolewa sadaka mitihani inapokaribia, hata kwa mwalimu anayekipenda.