Asili Iko Mikononi: Juu ya Kunasa Muziki wa Wazee wa Songea

Kila atajwapo mzee wa ngoma katika nchi ya Songea, hutajwa pia haja ya kumnasa sauti kabla hajafa. Nia hiyo ni njema, lakini imesimama juu ya fikira ifaayo kuchunguzwa: kwamba muziki wa asili ni kitu safi kilichotoka zamani bila kuguswa, na kwamba kazi ya mnasaji ni kukiokoa kisipate taka. Fikira hiyo, twaona sisi, huiharibu kazi yenyewe.

Tutazame kwanza mfano wa mbali. Huko Marekani, apendaye muziki wa kantri wa jadi hutaka kulisikia gita la chuma, lile lilazwalo mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Wengi huuona mlio wake kuwa ndio roho ya mashamba yale. Lakini gita hilo halikuzaliwa mashambani. Lilitoka visiwa vya Hawaii, na Joseph Kekuku ndiye atajwaye zaidi kuwa mwanzilishi wake, yapata 1889. Jimmie Rodgers, aitwaye baba wa kantri, alirekodi mwaka 1929 pamoja na Joe Kaipo, mpigaji wa Kihawaii. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alifanya zaidi, akawa mwenyeji mwenyewe. Na wazee walipigao gita hilo ndio huhesabiwa kuwa walinzi wa jadi.

Santuri za Rodgers zilifika mpaka Kenya, kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwanasa huko wasichana wakiimba juu ya "Chemirocha", jina la Rodgers lililogeuzwa na ndimi zao. Je, nani athubutu kusema kwamba wimbo ule si wao?

Turudi Ruvuma. Mganda wa Wamatengo wa Mbinga na wa watu wa Ziwa Nyasa una mistari na hatua zenye asili ya gwaride la askari. Terence Ranger aliueleza ukoo wa ngoma hizo katika kitabu chake juu ya beni, kilichotoka 1975. Wangoni nao, wenye lizombe, walifika nchi hii katika karne ya 19 wakitoka kusini. Basi atafutaye muziki wa Songea usiochanganyika atarudi kwao na kanda tupu.

Asili, kwa hiyo, si mahali kitu kilikotoka. Ni muda ambao mikono imekishika hata kukizoea. Ikiwa ndivyo, hakuna haja ya kumvua mzee saa na kumvika ngozi ili aonekane wa kale. Wala haifai kumnasa mwimbaji peke yake leo, na kesho kumtilia ngoma za mashine. Kipoteacho hapo si usafi bali ni maelewano: mpigaji humngoja kiongozi, kiongozi humtazama mchezaji, na mchezaji huwajibu wote wawili.

Mfano mwema tunao. Mwaka 1993 wanamuziki wakongwe waliundiwa bendi ya Shikamoo Jazz, Dar es Salaam, kwa msaada wa HelpAge, shirika la kuwahudumia wazee. Albamu yao, Chela Chela, ilitoka 1995. Salum Zahoro, aliyevuma na Kiko Kids ya Tabora, na Bi. Shakila Said, mwimbaji wa taarab aliyetoka Tanga, hawakuitwa kuomboleza muziki wao; waliitwa kazini. Bendi ilitangulia, santuri ikafuata.

Atakayepinga atasema kwamba muda ni mfupi. Kweli, na Stephen Hill aliuliza, katika makala yake ya 2001 juu ya muziki wa Wamatengo, kama mganda umekufa. Lakini haraka si sababu ya kunasa vibaya. Mtambo na uende Songea, uwakute wazee katikati ya mchezo, vijana wakiwa safuni. Majina ya wapigaji yote yaandikwe, na nakala ibaki palepale. Wakipsigis walirudishiwa sauti zao mwaka 2015, baada ya miaka 65, wakati wengi wa wenye sauti hizo hawakuwapo tena kuzisikia. Songea haina sababu ya kungoja hivyo.