Keke na mwenye kuijua

Ukiikuta imelala mchangani, keke, chombo cha kutobolea mbao, haina mvuto wowote: uta, kamba, kijiti kiitwacho msukano chenye chuma nchani, na jivu la kushikia juu. Mkute nayo fundi wa majahazi pale Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ukae kivulini umtazame.

Kamba anaizungusha kwenye msukano mara moja tu. Kiganja cha kushoto kinakandamiza jivu, mkono wa kulia unaenda na kurudi kama wa mpiga zeze. Msukano wa unene wa sentimita 3 una mzingo usiofika sentimita 10. Uta ukisogea sentimita 60, chuma kimeshazunguka mara sita. Ukirudi, kinazunguka kinyume, nacho kimenolewa pande zote mbili, kinakula kwenda na kurudi.

Kamba ile haina gundi wala meno. Imeshika kwa msuguano tu, na msuguano wa kamba iliyozungushwa hauongezeki kwa kujumlisha, unazidishwa. Tuseme kati ya kamba na mti msuguano ni 3 kwa kila 10 za mkandamizo. Kwa mzunguko mmoja, upande mmoja wa kamba unahimili mvuto wa upande wa pili mara sita na ushei. Kwa miwili, zaidi ya mara 40. Leonhard Euler aliiandikia hesabu karne ya 18. Baharia anayezungusha amari kwenye gogo la gatini hakuwa akimngojea.

Juu, ndani ya jivu, msuguano huohuo ni mwizi, kwa hiyo hupakwa mafuta. Nguvu ile ile, mahali pamoja inabembelezwa, pengine inafukuzwa, na vyote viwili viko kwenye kijiti kisichozidi urefu wa mkono!

Mimi hupenda zaidi vile vidole vya mkono wa uta. Fundi akikandamiza mno, kamba inateleza na kulia. Akilegeza, chuma kinacheza juu ya ubao. Basi kamba ikianza tu kulia, vidole vinaibana kidogo, mwenyewe akiendelea kuzungumza na jirani.

Tundu linaachwa jembamba kuliko msumari. Msumari unaviringishwa pamba yenye mafuta, unagongwa, na ubao uliotobolewa kwanza unaubana bila kupasuka. Fundi anapuliza unga, anasogeza keke shubiri moja mbele.