Mfano, Rasimu na Mchoro: Istilahi za Hatua za Mwanzo katika Uundaji wa Michezo ya Video

Mfasiri wa Kiswahili wa leo haandamwi na istilahi za mahakama, kilimo na uganga peke yake. Michezo ya video, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ni pumbao la watoto tu, sasa ina makumbusho yake, wanahistoria wake na mikataba yake. Maandishi yake yanamfikia mwalimu wa TEHAMA, mfasiri wa maelezo ya maonyesho, na ofisa anayepokea maombi ya kugharimia kazi za ubunifu. Hao wote hawana budi kuwa na maneno ya kutaja yale yanayotendeka kabla mchezo haujatoka: michoro inayochorwa mwanzoni, programu zinazoundwa kwa ajili ya kujaribia, na kazi zinazoachwa njiani.

Dhana hizo tatu tumezikuta zikiitwa "sanaa ya dhana", "mfano wa kwanza" na "mchezo uliotelekezwa". Majina hayo si ya sheria. Ni mazoea tu, lakini mazoea yasipohojiwa huwa sheria. Katika makala haya tunakusudia kuyapima kwa kuyaweka mbele ya vitu vyenyewe. Tunaona ya kuwa kila moja humwambia msomaji jambo lisilo kweli, na kwamba Kiswahili kinayo tayari maneno yanayofaa zaidi.

1. Mfano wa kwanza

Istilahi hii imefuata asili ya neno la kigeni badala ya matumizi yake. Neno ambalo baadhi ya mafundi wetu hulitohoa kuwa "protataipu" lina chimbuko la Kigiriki: protos, yaani -a kwanza, na typos, yaani alama ya kugonga au chapa. Kwa chimbuko hilo, kitu hiki ni cha kwanza, na vingine vyote hupigwa chapa kutokana nacho. Hebu tuone kama ndivyo.

Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sanders Associates huko New Hampshire, Marekani, aliandika wazo la kuitumia televisheni ya nyumbani kwa kuchezea. Yeye na wenzake, Bill Harrison na Bill Rusch, waliunda chombo baada ya chombo, kila kimoja kikijibu maswali yaliyoachwa na kilichotangulia. Chombo walichokifikia mwaka 1968 kilifunikwa kwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao, na kwa rangi yake kikajulikana kwa jina la Brown Box, yaani Sanduku la Kahawia. Kampuni ya Magnavox ilichukua leseni yake, na mwaka 1972 ikauza mashine iitwayo Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya video kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Sanduku lenyewe sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mfasiri atakayeandika chini yake "mfano wa kwanza" atakuwa amekosea hesabu, kwani sanduku hilo lilikuwa la saba.

Basi neno "kwanza" halisimami. Je, neno "mfano"? Neno hili lina shina moja na kufana na kufanana, na kila Mswahili hulisikia hivyo. Mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Ujapani mwezi Machi 2017. Ni nchi pana yenye milima, mvua na upepo, ambamo mchezaji hutazama na kwenda upande wowote autakao. Mwezi huohuo, katika mkutano wa waundaji wa michezo uliofanyika San Francisco, wakuu wa kazi hiyo walionyesha programu waliyoiunda mapema ili kujaribia wazo lao. Ilikuwa ya picha bapa, zilizoundwa kwa vijisanduku vya rangi kama zile za mchezo wa kwanza wa mfululizo huo, wa mwaka 1986. Walitaka kujua jambo moja tu: kama moto, upepo, maji na miti vikiachwa viathiriane vyenyewe, je, mchezaji atabuni njia zake mwenyewe badala ya kufuata njia aliyotengewa? Jibu lilikuwa ndiyo, na mchezo mkubwa ukajengwa juu ya jibu hilo. Lakini kwa macho, programu ile haikufanana hata kidogo na mchezo uliotoka. Ilifanana na mchezo uliotangulia kwa miaka 31.

Zaidi ya hayo, "mfano" katika lugha yetu ni kitu cha kufuatwa. Mwalimu humwambia kiranja awe mfano kwa wenzake. Programu ya kujaribia haiundwi ili ifuatwe; huundwa ili ihojiwe, na ikishajibu huwekwa kando. Fundi cherehani hupiga bandi kabla ya kushona: huiunga nguo kwa nyuzi za muda, mwenyewe akaivaa, ikaonekana inapobana na inapopwaya, kisha nyuzi zile zikafumuliwa. Hatujasikia fundi akiiita kazi hiyo mfano wa nguo.

2. Sanaa ya dhana

Istilahi hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na kasoro yake kubwa ni kwamba jina hilo lina mwenyewe. Sanaa ya dhana ni jina lifaalo mkondo wa sanaa ulioshamiri miaka ya 1960, ambao msanii wa Marekani Sol LeWitt aliutetea katika makala yake ya mwaka 1967. Wafuasi wa mkondo huo walishika kwamba wazo ndilo kiini cha kazi ya sanaa, na utekelezaji ni jambo dogo. Michoro ya waundaji wa michezo ni kinyume chake kabisa. Ni watumishi wa kitu kingine. Thamani yake mbele ya waundaji hupimwa kwa kile inachowasaidia kuamua. Mwanafunzi wa sanaa akipewa istilahi moja kwa mambo mawili yanayopingana, atalaumiwaje akichanganyikiwa?

Kazi ya michoro hiyo inaonekana wazi katika kisa cha mchezo wa Sonic the Hedgehog, uliotolewa na kampuni ya Sega mwaka 1991. Sega ilitaka mhusika mpya wa kuitambulisha kampuni. Mchoraji Naoto Ohshima alichora viumbe mbalimbali, na kama alivyoeleza mwenyewe katika mkutano wa mwaka 2018, aliichukua michoro hiyo hadi bustani ya Central Park mjini New York akawauliza wapita njia wanampenda yupi. Kalunguyeye alipendwa zaidi. Wa pili akawa mzee mwenye masharubu. Wa tatu mbwa. Kalunguyeye akawa shujaa wa mchezo, mzee wa masharubu akageuzwa kuwa adui yake, na mbwa akabaki karatasini. (Tunasema kalunguyeye wala si nungunungu, kwani nungunungu ni mnyama mwingine, mkubwa, mwenye miiba mirefu, wafasiri waangalie.)

Michoro hiyo basi ilikuwa chombo cha kuulizia. Kiswahili kina njia yake ya tangu zamani ya kutaja kitu kwa kazi kitumiwayo, nayo ni kauli ya kutendea: kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, jiwe la kunolea. Kwa kufuata kanuni hiyo tunapendekeza mchoro wa kubunia, yaani mchoro ambao kwa huo mtu hubuni. "Mchoro wa awali", unaopendekezwa na baadhi ya wenzetu, si kosa, ila unataja wakati tu na kuinyamazia kazi. Tena si kweli kila mara, kwa sababu michoro ya kubunia huendelea kuchorwa hata mchezo unapokuwa umefika mbali.

3. Uliotelekezwa

Kutelekeza ni neno la lawama. Mtu hutelekeza mke, watoto au wazee wake, na mwenye kufanya hivyo huweza kufikishwa mbele ya sheria. Mfasiri anayeandika kwamba kampuni "ilitelekeza" mchezo ametoa hukumu kabla ya ushahidi. Tena amefunika chini ya neno moja mambo matatu yaliyo mbalimbali.

Jambo la kwanza ni kuzuiwa. Mchezo wa Star Fox 2 wa Nintendo ulikamilika mwaka 1995. Haukupungukiwa na kitu. Uliwekwa kabatini kwa uamuzi wa wakubwa, kwa kuwa mashine mpya zenye picha bora zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni na nyingine ilikuwa njiani. Ulitolewa rasmi mwaka 2017, miaka 22 baadaye. Kuuita mchezo huo "usiokamilika" au "uliotelekezwa" ni kusema uongo.

Jambo la pili ni kuachwa. Kampuni ya Capcom ilikuwa imefika mbali katika kuunda Resident Evil 2, ikiwa na mhusika mkuu wa kike aitwaye Elza Walker, mwanafunzi mwendesha pikipiki. Wakuu waliona kazi hiyo haijafikia kiwango; wakaiacha wakaanza upya. Mchezo uliotoka mwaka 1998 una Claire Redfield mahali pa Elza. Hapa kilichoachwa ni hatua ya kazi, si kazi yenyewe.

Jambo la tatu ni kugeuzwa. Katika kampuni hiyohiyo, Hideki Kamiya aliongoza kazi iliyokusudiwa kuwa Resident Evil 4. Ilivyokua ilizidi kwenda mbali na jamaa zake, hata ikaamuliwa ipewe jina lake yenyewe, na mwaka 2001 ikatoka kama Devil May Cry. Resident Evil 4 ilikuja kutoka mwaka 2005, nayo ilikuwa imepitia rasimu nyingine kadhaa zilizoachwa. Kilichogeuzwa hakikufa, kilibadili ukoo.

Mfasiri anayekutana na habari za namna hii hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuchagua kitenzi: kazi ilikuwa imefikia hatua gani, na ni nini kilichotokea baada yake?

4. Rasimu

Tumekwisha kulitumia neno hili hapo juu, na pengine msomaji hakulistaajabia. Ndiyo sababu tunalipendekeza mahali pa "mfano wa kwanza". Rasimu huhesabika, yaweza kuwa ya kwanza au ya saba; haibanwi na kufanana na kitakachotoka; yaweza kukataliwa bila ya mtu kuaibika. Mtumishi wa serikali analijua neno hili kutokana na rasimu za miswada na barua. Watanzania walizisoma Rasimu ya Kwanza na Rasimu ya Pili ya Katiba mwaka 2013, na Wakenya waliikataa rasimu moja kwa kura ya maoni mwaka 2005 kabla ya kupata Katiba yao mwaka 2010. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Tunayatazamia mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba rasimu ni ya maandishi, na mchezo si maandishi. Tunajibu kwamba programu huandikwa, na katika Kiswahili twasema hivyo kila siku. Ikihitajika kubainisha, na isemwe rasimu ya kuchezeka. Kwa mashine, kama lile Sanduku la Kahawia, tunakiri kwamba rasimu haikai vizuri, na hapo tunapendekeza chombo cha majaribio. Toleo la majaribio libaki kwa ile programu iliyokaribia kukamilika, inayopewa watu wa nje waitafutie kasoro.

La pili ni la wale wanaotaka kutohoa, wakisema "protataipu" ni neno la kimataifa. Hatuna ugomvi na utohozi. Kompyuta na programu zimetufaa sana. Lakini neno la kutoholewa huchukuliwa pale ambapo lugha haina lake, na humsaidia fundi aliyekwisha kujua dhana kuliko mwanafunzi anayeitafuta. Mwanafunzi akisikia "rasimu" anajua mara moja kwamba kitu hicho kitasahihishwa.

5. Kwa nini jambo hili lina uzito

Jina la kitu huamua hatima yake ofisini. Mtunza kumbukumbu anayekuta kwenye jalada neno "mfano" huuliza kama asili ipo. Akiambiwa ipo, huuona mfano hauna haja. Akikuta "rasimu", analijua thamani yake, kwani rasimu ndizo zinazoonyesha uamuzi ulivyofikiwa. Huko Marekani taasisi iitwayo Video Game History Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilifungua maktaba yake ya kidijitali kwa watafiti mwaka 2025, ikiwa na hati na vifaa vya namna hii. Vitu hivyo vilifika huko kwa sababu kuna watu waliokataa kuvihesabu kuwa takataka.

Kwa mwalimu uzito ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kabla ya kazi kubwa huwa kuna "mfano wa kwanza" huelewa kwamba wenye akili hupatia mara moja, na wengine huiga. Anayefundishwa kwamba huwa kuna rasimu, tena nyingi, na nyingine za kuachwa, hatakata tamaa kwa daftari lake lenye mistari iliyofutwa.

Nasi wa kazi ya istilahi tunapaswa kujihesabu humo. Orodha zetu kwa kawaida huchapisha neno lililopita peke yake. Yaliyopendekezwa yakakataliwa, pamoja na sababu za kukataliwa kwake, hubaki katika mafaili ya vikao. Tunapendekeza kwamba kila orodha itakayotolewa ichapishwe pamoja na kiambatisho cha maneno yaliyoachwa, na sababu zake kwa sentensi moja moja, ili mfasiri ajue njia zilizokwisha kupitwa asizirudie bure, au azirudie kwa hoja mpya. Mapendekezo ya makala haya, yaani mchoro wa kubunia, rasimu ya kuchezeka, chombo cha majaribio, na vitenzi vitatu vya kuzuiwa, kuachwa na kugeuzwa, nayo ni rasimu. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa walimu wanaoyafundisha mambo haya darasani, tunawaomba watuandikie.